Masega ya Hilux ya petroli: kabla hujaenda kuyatafuta kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar

Mkuu, umesema una Hilux ya petroli ya 1998, taa ya cheki injini inawaka, mlimani gari inachoka, na fundi amekwambia masega ya ekzosi (catalytic converter, kile chombo cha kusafisha moshi) yamekufa, kwa hiyo utafute mengine au akate aweke bomba tupu. Ninayo dabokebini ya umri huohuo, injini 3RZ ya lita 2.7, nabebea nanasi kutoka Kiwangwa, na masega yake nimeshayabadilisha. Nitaandika kwa urefu kidogo, univumilie.

Kwanza, una uhakika gari yako ina masega? Sikutanii. Petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi mpaka nchi za kusini mwa Sahara zilipoachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na risasi huua masega upesi sana. Ndiyo maana Hilux nyingi zilizouzwa mpya Afrika miaka ya 90 zilikuja na bomba na sailensa basi. Zenye masega kwa kawaida ni zile zilizotembea Japani kwanza ndipo zikapanda meli. (Wenye injini za dizeli aina ya 2L, 3L na 5L za enzi hizo mnaosoma hapa, hili haliwahusu.) Ingia chini ya gari na tochi, fuata bomba kutoka kwenye injini. Kabla ya kufika kwenye sailensa unatakiwa ukute chombo kilichovimba katikati, mara nyingi kimefunikwa na bati la kuzuia joto. Kama hakipo, au unaona kipande cha bomba kilichochomelewa hapo, masega yalishaondoka zamani na fundi wako anatibu kiungo ambacho mgonjwa hana.

Tuseme yapo. Sasa hiyo taa. Gari za siku hizi zina sensa mbili za oksijeni, moja kabla ya masega na nyingine baada yake, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) hulinganisha hizo mbili ndipo itoe ile P0420 inayojulikana sana, yaani kodi ya hitilafu inayosema masega yamechoka. Gari nyingi za Japani za miaka ya 90 zina sensa moja tu, ya mbele. Yangu iko hivyo. Gari ya sensa moja haina njia ya kujua kama masega yanafanya kazi, kwa hiyo taa ikiwaka sababu ni nyingine. Zile mashine ndogo za bei rahisi za kusomea kodi mara nyingi hazielewani na Toyota za Japani za kipindi hicho, lakini angalia chini ya boneti kama kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Ikitoa 21, hiyo ni sensa ya oksijeni au waya wake. 25 ni mafuta kidogo kuliko hewa, 26 ni mafuta kuzidi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokwambia ununue masega.

Kuchoka mlimani ni habari tofauti, na hapo masega yanaweza kuhusika kweli kama yameziba. Kulithibitisha hakuna gharama. Fundi mwenye geji ya presha anafungua sensa ya mbele na kuweka geji mahali pake. Injini ikizunguka kama 2,500 kwa dakika, presha ikipanda zaidi ya 3 psi, njia imeziba. Asiye na geji alegeze bolti za kiungo kilicho kabla ya masega, moshi upate pa kutokea, halafu mwende kwenye kilima kilekile. Itapiga kelele za aibu, lakini nguvu ikirudi umepata jibu. Vioo viwe wazi, na hakikisha moshi hauelekei kwenye nyaya wala bomba la mafuta. Jaribio la tatu ni kugonga chombo kwa nyundo ya mpira kikiwa kimepoa. Kikicheza kama njugu, seramiki imevunjika ndani.

Kabla hujatoa hela, jiulize ni nini kiliyaua. Masega hayachakai kama pedi za breki. Ndani ni seramiki yenye matundu madogo mengi, imepakwa platini, paladi na rodi, na kazi yake ni kumalizia kuunguza gesi ambazo injini haikuzimaliza. Injini ikimisi (silinda ikikosa kuwaka), petroli mbichi inaenda kuungulia humo ndani na joto linayeyusha seramiki. Injini ikila oili, masalia yake yanapaka yale madini mpaka yasiguse moshi tena. Gasketi ya silinda hedi ikivujisha maji, matokeo ni yaleyale. Na mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yamechangia sana. Wa zamani mtakumbuka ilivyokuwa kabla EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, hawajaanza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambulisha mafuta halali) mwaka 2010. Kwenye gari yangu mchawi alikuwa waya mmoja wa plagi uliokuwa unavujisha moto wakati wa mvua tu. Ningefunga masega mapya juu ya ule waya, yangekufa msimu uleule. Kwa hiyo plagi, nyaya zake na matumizi ya oili vikaguliwe kwanza. Hapo sina mjadala.

Haya, twende sokoni. Una njia tatu.

Ya kwanza ni orijino mpya kwa namba ya chasisi. Bei yake kwa gari ya umri huu haina maana, na huenda ukaambiwa haitengenezwi tena. Nilipotajiwa bei nilishukuru nikaondoka.

Ya pili ni yaliyotumika, kutoka gari za Japani zinazoletwa zimekatwa nusu. Gerezani na Ilala utayapata, na ndipo penye mitego mingi. Usiulize "masega ya Hilux". Taja herufi na namba zilizo kwenye kibati cha chasisi, zako zitaanza na RZN kama ni 3RZ, na uombe kuona ilikotoka. Kisha kagua mwenyewe. Mulika tochi upande mmoja uchungulie upande wa pili: matundu yote yawe wazi na makali, mwanga upenye sawasawa. Ukiona sehemu imeng'aa kama kioo kilichoyeyuka, rudisha. Tikisa. Pima uzito mkononi, maana kuna wanaouza ganda tupu, madini yameshauzwa kwingine. Zungusha utafute mstari wa welding usio wa kiwandani, hapo ndipo yalipofunguliwa. Ukiona masizi meusi yenye mafuta, gari iliyoyatoa ilikuwa inakula oili, na hiyo biashara uachane nayo hata akupunguzie nusu.

Ya tatu ndiyo niliyoishia nayo: mapya ya kuchomelea, yasiyo ya gari fulani. Haya huchaguliwa kwa vipimo, na hapo ndipo watu wengi wanapofungwa kitu kisichofaa. Beba kipimo cha kipenyo cha nje cha bomba, urefu kati ya flanji na flanji (zile sahani za kufungia bolti), na ukubwa wa injini kwa lita. Ya gari ya 1.3 yatakubana kwenye 2.7, utarudi kulekule kwenye kuchoka mlimani. Angalia kama kuna tundu la sensa linalolingana na lako. Toyota nyingi za zamani hufunga sensa kwa nati mbili, wakati masega ya kuchomelea mengi huja na tundu la kukaza kwa nyuzi. Baadhi ya gari za Japani zina pia kisensa cha joto kilichochomekwa kwenye masega yenyewe, kwa hiyo hesabu nyaya kabla hujanunua. Usiwe na matarajio makubwa: madini yaliyomo ni kidogo kuliko ya orijino, na hayatadumu vile. Ila unajua hayajatumika, na kwa gari ya kazi hilo linanitosha.

Sasa kuhusu hayo ya zamani. Mwezi Machi 2021 rodi ilifika karibu dola 29,000 kwa aunsi moja, na tangu wakati huo kila mnunuzi wa vyuma chakavu anajua neno masega. Bei imeshuka sana tangu hapo, lakini ganda la orijino la Japani bado ni hela, hata likiwa limeziba. Gereji moja iliniahidi kunifungia bomba tupu bure kabisa, wanachotaka ni hicho chuma cha zamani tu. Unaona ukarimu huo! Kaa na gari mpaka kazi iishe, chukua chako, uza mwenyewe ukifidie gharama ya mapya. Kwangu kilipunguza bei vizuri tu.

Kuhusu bomba tupu, najua wengi watakushauri hivyo na gari itatembea. Mimi sikubali kwa sababu moja: ni pikapu. Hewa hujizungusha nyuma ya bodi na kuurudisha moshi, na huku kwetu nyuma wanapanda watu. Masega mazima hupunguza sana ile kaboni monoksidi wanayoivuta vijana wangu wakiwa wamekalia nanasi.

Wakati wa kufunga, mwambie fundi atoe taminali ya betri kabla hajagusa welding, na sensa itoke nje mpaka chuma kipoe. Kuna mshale kwenye ganda, uelekee sailensa. Yakae palepale pa zamani, yasisogezwe nyuma, kwa sababu hayaanzi kazi mpaka yapate joto la nyuzi za Selsiasi kama 250 hadi 300. Gasketi za flanji ziwe mpya. Bati la kuzuia joto lirudishwe, hasa kama unaegesha shambani juu ya nyasi kavu. Mafundi hupenda kuliacha wakisema linapiga kelele. Siku ya kwanza utasikia harufu ya kuungua na pengine moshi mwepesi kutoka kwenye ganda, hiyo ni ile pamba ya ndani inajikaza. Endesha taratibu, usipakie mzigo, na ukishatembea siku mbili tatu kaza bolti tena gari ikiwa imepoa.

Ukitoka chini ya gari, weka hapa namba za kibati na picha ya ulichokiona, nitakwambia kama vipimo vyangu vinakufaa.