Wakalimani wapya wa mahakamani, someni kesi kabla ya msamiati

Juzi nilikaa nyuma kwenye mahakama moja hapa Marekani, nikimsikiliza mwenzetu mgeni kazini. Jaji alimwambia mshtakiwa kuwa ana haki ya kukaa kimya. Mwenzetu akatafsiri: "Unatakiwa unyamaze." Mzee wa watu akanyamaza kweli, hata alipoulizwa jina lake. Nilicheka moyoni, kisha nikakumbuka ya kwangu, kicheko kikakatika.

1. Haki si amri. Maneno yale tunayarudia kila siku kwa sababu ya kesi ya Miranda dhidi ya Arizona, 1966. Polisi wa Phoenix walimhoji Ernesto Miranda kwa saa mbili hivi, akasaini maelezo ya kukiri kosa, wala hakuambiwa kuwa angeweza kuwa na wakili pembeni. (Kabla hujashangilia Mahakama ya Juu kutengua hukumu yake: alishtakiwa upya bila maelezo yale na bado akapatikana na hatia.)

2. Mnaotoka Tanzania, acheni kumwita wakili wa utetezi aliyewekwa na mahakama "wakili wa serikali". Kwetu huyo ndiye anayekushtaki! Nimeona mama akigoma kumwambia wakili wake neno hata moja, kisa hicho tu. Clarence Gideon aliandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani Florida hadi akashinda haki ya mshtakiwa asiye na pesa kupewa wakili, mwaka 1963. Msimharibie kazi.

3. "Ndiyo" yetu si "yes" yao. Hapa ndipo nilipoungua.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mzee wa Kikongo anayekiri kosa. Mnaijua ile litania: unaelewa haki unazoziacha, kuna aliyekulazimisha, kuna aliyekutisha. Mimi niliiona urasimu mtupu, nikawa naenda nayo mbio. Sikujua habari za Edward Boykin, aliyekiri makosa matano ya unyang'anyi kule Alabama, jaji asimuulize hata swali moja, kisha akahukumiwa kifo. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu ikatengua, na tangu hapo kumbukumbu za kesi lazima zionyeshe kuwa mtu amekiri kwa hiari na kwa kuelewa. Kwa hiyo kila jibu la mzee wangu lilikuwa linaandikwa.

Jaji akauliza: "Hakuna mtu aliyekuahidi chochote ili ukiri?"

Mzee: "Ndiyo." Yaani ndiyo, hakuna.

Mimi kasuku: "Yes."

Jaji akavua miwani. Nani kaahidi nini? Wakili akanigeukia, mzee akanigeukia, mate yamenikauka. Ilitosha kusema "mkalimani anaomba kusahihisha", maneno matatu tu, lakini nilikuwa na tai mpya na kiburi kipya, nikanyamaza. Kikao kikaahirishwa. Mzee alitarajiwa kutoka siku ileile. Mkewe alikuwa amekaa benchi la pili na mfuko wa plastiki wenye suruali na viatu vyake, akaondoka nao vilevile. Mzee alirudi mahabusu siku tisa. Kwenye lifti yule mama akanishika mkono: "Aksanti, mwana wangu." Hakujua.

4. Tangu kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, 2010, wakili lazima amweleze mteja asiye raia hatari ya kuondolewa nchini. "Utaondolewa" na "unaweza kuondolewa" ni vitu viwili. Tafsiri kilichosemwa, usimwonee huruma.

5. Wakili akikunong'oneza "mweleze kwa kifupi tu", kataa. Rogelio Negron alishtakiwa kwa mauaji New York bila kujua Kiingereza, akawa anapewa muhtasari wakati wa mapumziko. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ilikataa kuiita hiyo haki. Inua mkono, jaji atasubiri.

Na wewe wa "unatakiwa unyamaze", nitafute mchana. Chai juu yangu.