Kama hakuna anayekufunga kwenye gemu mtaani kwako, una tatizo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Moshi kaniandikia. Anakaa pande za Majengo, kamaliza kidato cha sita, na ujumbe wake ulikuwa mrefu lakini kiini chake ni hiki: "Shikamoo braza. Hapa mtaani hakuna anayenifunga FIFA, lile gemu la mpira, vibanda vyote vya gemu nimeshavimaliza. Bi mkubwa anataka niende chuo, mimi nataka niwe mchezaji wa kulipwa. Naanzia wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimecheka, ila sijakucheka wewe. Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi neno kwa neno, ningebadilisha Majengo tu niweke Kijenge ya hapa Arusha. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo, nakujibu mbele za watu.

Naombeni mnivumilie nijisifu kidogo, maana yanayofuata hayana sifa. Kijenge nilikuwa mtu. Kibandani kwetu kanuni ilikuwa ile ile ya kila mahali: mia tano kwa mechi, anayefungwa analipa na anaachia pedi, mshindi habanduki kitini. Kuna siku nilikuwa naingia mchana na mia tano moja mfukoni na kutoka usiku nayo ile ile. Machalii wa Sanawari walikuwa wanapanda kifodi kuja kunijaribu, wanarudi kwao kwa miguu. Mwenye kibanda mwenyewe alifika mahali akaniomba Jumamosi nisionekane, kwa sababu wateja walikuwa wananiona kitini wanageuza. Ukiishi hivyo muda mrefu, kila mtu akikuita noma, huna sababu ya kudhani yuko mtu mwingine duniani anayecheza gemu hilo kuliko wewe.

Yakaja mashindano hapa hapa Arusha, katika ukumbi mmoja si mbali na Mnara wa Saa. Bango kubwa, kiingilio, zawadi ya fedha. Raundi za mwanzo sizisimulii, nilipita. Nusu fainali nikapangwa na dogo mmoja katoka Dar, mwembamba, mpole, umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Akaketi, akanisalimia, pedi hakuigusa. Akaomba rimoti ya TV.

Akaingia kwenye mpangilio wa picha, akabadilisha kitu, akairudisha rimoti kwa adabu kabisa. Halafu akaingia kwenye mpangilio wa gemu, akaivuta kamera nyuma mpaka wachezaji wakawa wadogo na uwanja ukaonekana karibu wote. Nikamwambia, "Dogo, umekuja kucheza au kutengeneza TV?" Ukumbi ukacheka. Sikuchekesha tena siku ile.

Ubao ulisoma sita bila. Nataka niwaeleze zile sita zilivyokuja, kwa sababu kwenye masimulizi ya kibandani watu husema tu "jamaa ana vidole". Hakuwa na vidole vyovyote vya ajabu. Mimi R2 yangu, kitufe cha kukimbiza mchezaji, haikuachiwa tangu filimbi ya kwanza, nakimbiza kila mtu na kila mpira. Yeye alikuwa anatembea. Nikipokea mpira winga, beki wake haji. Anarudi nyuma taratibu, L2 imebanwa, kile kitufe cha kumkabili mtu bila kumvamia, ananisindikiza mpaka kwenye mstari, na wakati huo kiungo wake ameshasimama kwenye njia ya pasi yangu. Huyo kiungo alimchagua kwa kifimbo cha kulia cha pedi kabla mimi sijafikiria kupiga. Nikaanza kumtazama mikono badala ya skrini, jambo ambalo ukishalifanya ujue umekwisha. Gumba la kulia lilikuwa limetulia juu ya kifimbo, linagusa mara moja, linatulia tena. Kitufe cha kukaba wala hakukitafuta. Mpira nilikuwa nampa mwenyewe.

Baada ya mechi nikamfuata nje kumpa mkono. Nikamwambia wewe lazima utakuwa bingwa wa nchi. Akaguna. "Mimi? Mtandaoni kuna watu wananinyoosha kila wikiendi kama nilivyokunyoosha wewe." Sita bila niliimeza. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Kuna hesabu moja inayoeleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia Marekani, alitengeneza mfumo wa kupima wachezaji wa chesi, na magemu mengi ya ushindani leo yanatumia mfumo huo au ndugu zake. Ndani ya mfumo wa Elo, mtu akikuzidi alama 400 za kiwango anatarajiwa kuvuna pointi 10 za mechi kwa kila 1 unayopata wewe. Akikuzidi 800, ni 100 kwa 1. Sasa panga watu wangu. Mimi na machalii wa Sanawari, ngazi moja. Dogo wa Dar na mimi, ngazi ya pili. Wanaomnyoosha dogo, ngazi ya tatu. Tukisema kila ngazi ni hizo 400, chalii wa Sanawari anahitaji mechi kama elfu moja ili apate moja ya kubahatisha kwa hao wa juu. Na hapo bado hatujafika London, ambako Agosti 2019 Mjerumani Mohammed Harkous, yule MoAuba, alimvua ubingwa Mosaad Aldossary wa Saudi Arabia kwenye fainali ya FIFA eWorld Cup akaondoka na dola 250,000.

Ubaya wa ngazi hizi ni kwamba ukiwa chini huzioni. Anayekuzidi kidogo na anayekuzidi sana wote wanakufunga, na kwako wewe kufungwa ni kufungwa.

Turudi kwenye vidole, maana hapa ndipo wengi mnapotea. Magemu ya mapigano kama Tekken yanakwenda picha 60 kwa sekunde. Ngumi ya haraka ya kawaida katika Tekken hufika baada ya picha 10, yaani kama sehemu 17 za mia za sekunde. Binadamu wa kawaida, tangu aone kitu mpaka abonyeze, anatumia kati ya sehemu 20 na 25 za mia. Kwa hiyo ile ngumi hakuna anayeizuia kwa kuiona, awe bingwa au awe wewe. Bingwa anajua saa ambayo inaweza kuja, na anakuwa ameshazuia. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha wachezaji wa chesi ubao kwa sekunde chache kisha wakawataka waupange upya kutoka kichwani. Mabingwa waliwaacha wanaoanza mbali sana. Lakini kete zilipomwagwa hovyo, bila mpangilio wa mechi halisi, ubora wa mabingwa karibu wote uliyeyuka. Macho yao yalikuwa ya kawaida, ila walikuwa wameshaiona mipangilio ile mara nyingi mno. Dogo wa Dar alishaiona krosi yangu kwa watu wengi kabla yangu. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mtu anayekaba kwa kurudi nyuma, kwa sababu Kijenge nzima tulikaba kwa kukimbilia mpira.

Sasa wewe wa Majengo, unaona tatizo lako? Umevimaliza vibanda. Maana yake shule uliyokuwa unasoma imefungwa na wewe bado unakwenda kila siku kukaa darasani.

Msiniambie sisi ni wa Arusha na Moshi, kwa hiyo basi. Mtazameni Arslan Ash wa Lahore, Pakistani. Mwaka 2019 aliingia Evo Japan, tawi la Japani la Evo, mashindano makubwa ya magemu ya mapigano, huku karibu hakuna aliyemfahamu, baada ya kusumbuliwa na viza na safari, akachukua ubingwa wa Tekken. Agosti mwaka huo huo akaenda Las Vegas akachukua Evo yenyewe, fainali akimfunga Knee, Mkorea ambaye ni kati ya majina makubwa kabisa kwenye gemu hilo. Watu wakasema kapatikana mwenye kipaji. Yeye akasema hapana, nyumbani wako wengine wa kiwango changu. Knee akapanda ndege kwenda Pakistani kujionea, na huko akafungwa na watu ambao dunia ilikuwa haijawasikia kabisa. Lahore ni vibanda, jamani. Ni vyumba vya mashine za gemu, joto na kelele, watu wamesimama nyuma ya kiti wakisubiri zamu. Lakini walikuwa wanafungana wenyewe kwa wenyewe kwa kiwango kinachopanda, na anayejua kitu hakukificha.

Sisi tunaficha. Nami naumia kulisema. Nilipokuwa juu Kijenge nilikuwa na goli moja la kona fupi ambalo hakuna aliyelijua kulizuia, na nililitunza kama mtu anayetunza hati ya kiwanja. Matokeo yake hakuna aliyenifundisha kulizuia, na mimi sikujifunza goli la pili. Bado hapo sijagusa toleo. EA, kampuni inayotengeneza gemu hili, hutoa toleo jipya kila mwaka, mara nyingi Septemba, na tangu 2023 hata jina la FIFA limeondoka, sasa ni EA Sports FC. Vibanda vingi vyetu bado vinazungusha matoleo ya zamani kwenye PS4 zilizochoka, na goli lako la ajabu huenda lilishazibwa na watengenezaji miaka kadhaa iliyopita.

Kwa hiyo ushauri wangu: tafuta watu wanaokufunga. Panda basi uje Arusha, nenda Dar ukipata nafasi, ingia mtandaoni ufungwe. Mtandaoni kuna kikwazo, nakubali. Mkongo wa intaneti wa baharini tunao tangu ule wa SEACOM ulipofika Dar mwaka 2009, lakini tuseme seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, iko Frankfurt, Ujerumani: kutoka hapa hadi huko ni zaidi ya kilomita 6,000, na ndani ya mkongo mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 60, hapo hujahesabu mizunguko ya njiani, hata ununue bando la bei gani. Utachelewa kidogo na utalalamika. Fungwa hivyo hivyo.

Ukishafungwa, rudia kutazama. PS4 huwa inarekodi yenyewe dakika 15 za mwisho za mchezo; bonyeza kitufe cha Share, kisha cha mraba, uzihifadhi. Usitazame magoli yako. Tazama uliyofungwa, urudi nyuma pasi tatu kabla ya goli, uone ulikuwa umemshika mchezaji gani na kwa nini. Mimi nilipoanza kufanya hivyo niligundua karibu kila goli nililofungwa lilianza pale nilipomtoa beki wa kati kwenda kukimbiza mpira. Halafu tafuta tena mtu wa kukufunga. Narudia kwa sababu najua hamtaki kulisikia.

Na chuo nenda. Bi mkubwa yuko sahihi, na sisemi hivi kumfurahisha. Mashindano yale ya mjini, aliyeyashinda, yule dogo, mpaka namwona mara ya mwisho alikuwa hajalipwa zawadi yote. Mwandaaji alikuwa hapokei simu. Mimi niliyekula sita na yeye aliyeshinda tulipanda gari zetu kurudi makwetu tukiwa na pesa karibu sawa. Huko Korea mtu kama Faker alitwaa ubingwa wa dunia wa League of Legends, gemu la timu la kompyuta, mwaka 2013, akautwaa tena mara kadhaa, ikiwemo 2024, ana timu, makocha na mshahara. Hapa una pedi na nauli. Chuo kina umeme, kina intaneti, kina vijana kutoka mikoa yote, na nakuhakikishia bweni moja lina watu wawili watatu ambao watakunyoosha mpaka ulie. Mimi nilikwenda nikiwa nimechelewa, na mchezo wangu ulianza kukua huko. Siku hizi yule dogo nikicheza naye namfunga moja, mbili, katika kumi. Kijenge hawajali hilo. Mpaka leo nikipita pale, wako watu wazima na watoto wao wanapaza sauti, "Sita Bila!" na mimi napunga mkono.

Wengine mmeniuliza kuhusu mashine: ninunue PS5, ninunue pedi ya gharama? Usikope hela kwa ajili ya hilo. Anza na ile rimoti. TV nyingi za kisasa zina mpangilio wa picha ulioandikwa Game au Game Mode. Ukiwa kwenye mpangilio wa kawaida, TV inapoteza muda kuipamba picha kabla ya kukuonyesha, na unabonyeza ukiwa umeshachelewa. Ingia kwenye mipangilio, chagua huo, na kama kibandani hawajui, mwombe mwenye kibanda ruhusa kwanza, maana rangi zitafifia kidogo na atadhani umemharibia TV.