Ukitaniwa na Waaustralia, usinune

Ndugu yangu unayekwenda Australia kusoma au kufanya kazi, habari za viza na gharama za nyumba utaambiwa na kila mtu. Mimi naomba nikuambie habari ya utani, maana nimewaona wenzetu wakikaa mwaka mzima wakiamini wanachukiwa kazini, kumbe wanapendwa.

Kwenye ghala nililofanyia kazi Melbourne, ukichelewa kidogo msimamizi hakugombezi. Anakutazama, uso mkavu, anasema: "Asante kwa kuja kututembelea." Hakuna anayecheka. Wenzako wanaendelea kupanga maboksi, masikio yao kwako. Ukijibu, "Nilisikia mnanililia," yamekwisha, kazi iendelee. Ukinuna, kesho wataanza kukusemesha kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo ya kuiogopa.

Sisi Watanzania utani tunao, ila wetu una wenyewe: kabila hili na lile, babu na mjukuu. Kule yeyote aliyekuzoea ni mtani wako, bosi akiwemo, naye hutaniwa mbele za watu. Naamini mzizi wake ni wa zamani. Koloni lile lilianzishwa mwaka 1788 kwa wafungwa kutoka Uingereza, wakafuata na wa Ireland, na meli za wafungwa hazikukoma hadi 1868. Mtu anayechapwa mijeledi hubakiwa na ulimi tu wa kumshusha mkubwa. Hadi leo anayejikweza hushushwa upesi, kwa hiyo digrii zako usizitaje mpaka uulizwe.

Hata msiba hauwazuii. Waziri Mkuu Harold Holt alipotea baharini akiogelea, Desemba 1967, mwili haukuonekana. Melbourne kuna bwawa la kuogelea lenye jina lake. Alipewa kwa heshima kabisa, lakini watu hawajaacha kulicheka.

Na koala, yule mnyama wao wa manyoya aishiye mitini, hula majani tu; wakikuonya juu ya koala mla nyama anayewaangukia wapita njia kutoka mtini, huyo hayupo, ingawa Makumbusho ya Australia, pale Sydney, yamemwandikia maelezo kama mnyama wa kweli.

Ila utani ukigusa rangi yako, usicheke ili kuwaridhisha. Sema palepale, kwa sauti ya kawaida, kwamba hilo hulitaki. Yaliponikuta mimi, wa kwanza kunitetea alikuwa yuleyule aliyekuwa akinisimanga kila siku kwa sukari ninayotia kwenye chai.