Kunguru wanaopora chakula barazani Unguja

Dada, hao wanaokunyakulia chapati ukigeuka tu ni kunguru wa India, mwenye shingo na kifua cha kijivu. Mwenye kifua cheupe ndiye wa kwetu. Huyu mgeni aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wengine.

Kaa ukiegemea ukuta, maana hupenda kuja kwa nyuma. Kawa jepesi hulibinua kwa mdomo. Funika kwa sahani nzito. Ukiondoka mezani, hata kwa dakika moja, usiache mkate wala paketi ya sukari. Dirisha nalo lifunge, wanaingia chumbani bila hodi. Na usimtupie hata kipande: anayepata hurudi, na wenzake wanamtazama.

Akikushukia kichwani bila wewe kuwa na chakula, kuna kiota au kinda karibu. Usimrushie jiwe, utawaita wote. Fungua mwavuli, ondoka taratibu, usiguse kinda lililoanguka. Akikuparura, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati.