Unataka kumuita mtoto Onesphore? Soma hii kwanza

Kila wakati huku Goma napokea meseji ya namna moja, papa fulani wa Katindo ao mama fulani wa Ndosho ananiandikia, "Yaya Onesphore, tuko karibu kupata mtoto, tumependa jina yako, maana yake ni nini, na wako wengi wenye wanaibeba?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, basi leo naandika yote hapa, na mwenye ataniuliza tena nitamtumia tu hii.

Tuanze na maana juu njo kila mtu anauliza. Onesphore imetoka kwa Kigriki, Onesiphoros. Ndani kuko vipande viwili, moja ni faida, ingine ni kubeba ao kuleta. Mleta faida, basi. Wauzaji wa Birere nikiwaelezea hivyo wanacheka wanasema sasa wewe mbona ulienda kusoma pedagojia badala ya kufungua duka, na mi sina jibu ya kuwapa.

Lakini kwangu maana ya jina si kitu kubwa sana. Majina yenye maana nzuri iko mengi, Mugisho, Baraka, Amani, Dieudonné, zote nzuri. Kile kinanifanya nipende hii ni yule mtu mwenyewe. Fungua 2 Timotheo sura ya 1. Paulo eko kifungoni Roma, anaandika kwamba watu wote wa Asia wamemuacha, halafu anamtaja huyu mmoja wa Efeso: "wala hakuuonea haya mnyororo wangu". Alifika Roma, akamtafuta kwa bidii mpaka akamupata. Mtu wa Goma haitaji komenteri ya padri kwa kuelewa hapo. Ukishaenda kutafuta ndugu yako kwenye kasho, yaani gereza, unajua, unafika kwa mlango, unasema jina yake kwa sauti ndogo, na wakati wanakuangalia unajiuliza kama na wewe utarudi nyumbani. Ile roho ya kwenda hata hivyo, njo Onesiforo. Ni mistari tatu tu za sura ya kwanza, na salamu moja kwa jamaa yake mwisho wa barua (4:19), basi. Na juu Paulo anaombea "mlango" wake, yaani nyumba yake, na hatumi salamu kwake yeye mwenyewe, kuko wenye wanafikiri alikuwa ameshakufa, na sisi Wakatoliki tunapenda kutumia ile sura tukiongea juu ya kuombea marehemu, Waprotestanti hawakubali, sitaingia humo.

Kuko pia andiko moja ya karne ya 2, Matendo ya Paulo na Thekla, haimo ndani ya Biblia yetu. Yenyewe inamuweka Onesiforo kwa muji ya Ikonio, na mke na watoto wawili, Simia na Zeno. Tito alikuwa amemuelezea Paulo anafanana namna gani, basi akatoka na familia yake kwenda kumungojea kwa barabara, anaangalia kila mpitaji, mpaka akaona mtu mfupi, kichwa upara, miguu imepinda, nyusi zimekutana. Sura ya Paulo yenye wachoraji wamechora miaka na miaka inafanana na ile, upara na yote. Mi naipenda sana hiyo sehemu, mtu anasimama kando ya barabara anatafuta mgeni mwenye hajawahi kumuona, ili amulaze kwake.

Sasa kwa mafundi wenzangu wa mtaa. Mfaransa mmoja Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa wa Paris, karibu 1827 alitengeneza diferansieli kwa gari ya mvuke. Ndiyo, ile ile yenye iko ndani ya ponti (ekseli) ya gari yako. Gari ikizunguka kwa ronpwe (mzunguko wa barabara) ya Chukudu gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, bila diferansieli tairi zingekuwa zinaburuzwa kila kona. Kijana wako akiwa anachekwa kalasini juu ya jina, mpatie hiyo, itamusaidia kuliko mstari wa Biblia, watoto wa Goma wanapenda magari.

Kuhusu kama iko ya watu wengi: hapana. Ufaransa imekuwa jina ya makaburi ya zamani, Kanada walikuwa nayo wakati wa mababu, kuko Onésiphore Turgeon mwenye alizaliwa 1849 akakuwa mbunge halafu seneta, leo sijui nani angemuita mtoto hivyo kule. Ni huku kwetu njo bado inapumua, Kivu, Rwanda, Burundi, na upande wa Tanzania utakuta Onesphory. Ilifika na wamisionari. Upande wa babu yangu, Beni-Lubero, mapadri Waasumpsionisti walifika 1929, na siku ya ubatizo padri alikuwa anachungulia kalenda ya watakatifu, mtakatifu wa karibu njo anakuwa jina yako, upende usipende. Babu alipata Onesphore, jirani yake akapata Polycarpe.

Halafu ikakuja Zaïre na otantisite, ile siasa ya rais Mobutu ya kurudia majina ya kiasili. 1972 Mobutu akaacha Joseph-Désiré, na majina ya Kikristo ikafukuzwa kwa karatasi zote za serikali, hata kardinali Malula alipopinga ilimubidi aende kukaa Roma kwa muda. Babu akabaki Kambale na jina ya ukoo, Onesphore ikabaki ya kanisani na ya jikoni. Ni kisha 1990, wakati chama kimoja kiliisha, njo watu walianza kurudisha zile prenomu (majina ya Kikristo), na mi nikapewa ya babu. Naelezea hii yote juu wengi wanafikiri hizi majina ziliisha zenyewe. Miaka karibu makumi mbili hazikuandikwa popote, kizazi kizima kikaruka, na wakati zilirudi wazazi walikuwa na zingine kichwani. Leo ingia kwa kalasi yoyote ya Goma, utakuta Plamedi, Merdi, Glodi, Exaucé, Héritier, Trésor, makanisa ya uamsho imeleta majina ya kusifu Mungu kwa kifupi, Plamedi ni plan merveilleux de Dieu, mpango wa ajabu wa Mungu, sioni ubaya, ila wako watano kwa kalasi moja.

Na hapo njo naona faida ya kweli ya jina ya nadra, zaidi sana kwa sisi Wanande. Mtoto mwanaume wa kwanza kwa kawaida ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, kisha Katembo, kisha Mbusa. Hesabu mwenyewe wako Kambale wangapi kwa muji. Mwalimu akiita Kambale benchi nzima inasimama. Unaongezea Patrick, bado wanabaki wawili. Onesphore hakuna mwingine, kwa listi ya egzameni ya serikali unajipata haraka, hospitali hawachanganyi fishi yako na ya mwingine.

Lakini kuko bei yake, na bei ni ortografu, yaani namna ya kuandika herufi za jina. Skiza vizuri hapa, yote yale ya juu ilikuwa ni hadithi. Mi karatasi zetu za nyumbani zilibaki chini ya lava ya 2002, ikabidi tuandikishe upya kwa kichwa, na kila mwenye kuandika aliandika vile masikio yake yalisikia. Onesphore, Onesfor, Onésiphore, Onesphor, kuko hata moja yenye iliandikwa Honesfor, nafikiri yule alikuwa anawaza juu ya honnête, mtu mwaminifu. Mtu mwenye anaitwa Patrick haelewi hiyo shida. Unaenda kutoa pesa kwa simu, ajenti anaangalia karte ya kupigia kura, anaangalia skrini, anakwambia hii si wewe. Kwa barriere ya Gisenyi, mpaka wa Rwanda, vile vile, jina kwa jeton (kikaratasi cha kuvukia) na jina kwa karte lazima zifanane. Na siku diplomu inatoka na herufi ingine kuliko akti ya kuzaliwa, jamani, hiyo ni tribunali, ni juge njo anarekebisha, unalipa, unarudi kesho, unarudi wiki ijayo.

Kwa hiyo: chagueni ortografu moja kabla mtoto hajazaliwa, papa na mama mukubaliane, muandike kwa herufi kubwa kwa kipande cha karatasi, na kile kipande kiende materniti, kiende komini, kiende parokia. Usiseme jina kwa mdomo kwa ofisi yoyote. Toa karatasi, sema "andika kama hii", halafu soma chenye ameandika kabla hajapiga kashe (muhuri). Atakuangalia vibaya, muache aangalie. Mi napendekeza Onesphore tu, bila ile i ya katikati na bila aksanti, juu aksanti mashine zingine haziiandiki na ile i watu wa hapa hawaitamki.

Na komini muende mapema. Sheria inapatia wazazi siku 90 tangu kuzaliwa za kuandikisha mtoto bila kulipa, ukipitisha unaingia njia ya juge, na kwa mtoto mwenye jina ya ajabu ni heri akti iwe ya kwanza kabisa, zingine zote zitanakili pale. Wengine wananiuliza kama eta sivili, ofisi ya kuandikisha watoto, inaweza kukatala. Code de la famille (sheria ya familia) ya 1987 inasema majina kwa kanuni yatoke kwa utamaduni wetu na isikuwe ya matusi ao ya kudhalilisha, kwa hiyo mupatie mtoto jina ya kwenu na postnomu (jina ya pili), Onesphore iingie kama prenomu, sijaona mtu anafukuzwa kwa hilo.

Jambo lingine, musichanganye na Onésime. Ni jina ndugu, maana inakaribiana, mwenye kufaa, lakini yule ni Onesimo, mtumwa wa Filemoni, mtu mwingine kabisa. Tanzania wanasema Onesmo, Kenya Onesmus, na wako wengi, kwa hiyo mtoto akitembea kule watamugeuza Onesmo mara moja, amkubalie ao abishane, shauri yake. Onésime Reclus, yule Mfaransa wa jiografia mwenye alibuni neno frankofoni 1880, ni wa upande huo pia, si wetu.

Kifupi cha nyumbani kitakuja chenyewe, Ones, Fofo, Sifo, mi nilikuwa Fofo mpaka segondere nikakatala. Ila musikiandike popote.

Na tafadhali, usipatie mtoto jina juu tu haijulikani. Soma kwanza nani aliibeba. Kwa ile ile sura ya 2 Timotheo, mstari mmoja kabla ya Onesiforo, kuko Figelo na Hermogene, wale walimugeuzia Paulo mgongo. Hermogène ninawajua, ni watu wazuri, na kuko watakatifu wengine wa jina hiyo, kwa hiyo musikasirike, lakini Figelo kuko papa mmoja aliniuliza kabisa kama ni nzuri juu "inasikika ya kisasa". Nilimutumia mstari, hakujibu tena.

Sikukuu, kwa wenye wanapenda kusherehekea mtakatifu: kalenda ya Roma inamuweka tarehe 6 septemba. Ni wiki ya masomo kuanza, franka zote zimekwenda kwa yunifomu, madaftari na viatu. Mi nyumbani kwetu sijawahi kuona keki.