Likizo ugenini: watoto wafanye nini?

SWALI: Hamjambo. Tumehamia Bububu, Zanzibar, kutoka Kisumu kwa kazi ya mume wangu. Wanangu wana miaka 7 na 10, na hapa hawana shangazi wala binamu. Likizo ya Juni inakuja. Vitabu vya kupaka rangi huwachosha siku ya pili, kisha wanarudi kwenye simu. Niwape nini cha kufanya kwa mikono?
Mama wa Wawili

JIBU: Mama, usiwatafutie michezo kumi. Watafutie kazi moja yenye hatua nyingi, inayoharibika ikatengenezeka, na ambayo watoto wa mtaani wanaijua tayari. Marafiki watakuja wenyewe. Juni upepo wa Kusi unavuma, basi anza na tiara (kishada).

Chomoa chelewa (njiti za makuti) nne kwenye fagio jipya, kwani za fagio kuukuu hukatika. Chelewa ni nene shinani na nyembamba nchani, kwa hiyo ukitumia moja moja tiara huinama upande. Zifunge mbili mbili, shina la moja kwenye ncha ya mwenziwe. Jozi ya wima iwe sentimita 45, ya kukingama 40, zikutane sentimita 12 kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne, kisha bandika gazeti, ukiacha sentimita 2 za kukunja. (Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku hapa, msihangaike nayo.)

Gundi ni vijiko 2 vya unga wa ngano kwa nusu kikombe cha maji, ikorogwe motoni hadi iwe kama uji mzito. Ipoe kwanza. Wapake kidogo, maana gazeti likilowa hutatuka. Kupaka na mkia ni kazi ya mdogo: vitambaa vyembamba, jumla kama mita 2 na robo.

Kwa upande wa karatasi, funga uzi wa sentimita 60 juu na chini ya mti wa wima, uweke kitanzi cha kufungia uzi wa kurushia juu kidogo ya makutano. Hapa ndipo wengi hukwama. Tiara ikivuta kwa nguvu bila kupanda, kitanzi kiko chini mno. Ikipepesuka bila kuvuta, kiko juu mno. Sogeza sentimita moja, jaribu tena. Ikizunguka kama pia, ongeza mkia.

Warushe baada ya alasiri, kwani asubuhi wenzao wengi wako chuoni (madrasa). Pwani maji yakipwa panafaa sana, mbali na nyaya za umeme. Wasomaji wa Kiembesamaki, nyinyi hameni kabisa: uwanja wa ndege uko hapo.

Siku isiyo na upepo, mwombe jirani anayesuka ukili (utepe wa kushonea mikeka) awaanzie wa miyaa minne, yaani vipande vinne vya majani ya mkindu, maana mwanzo ndio mgumu. Miyaa ilowekwe kidogo kwanza. Mikavu huvunjika kwenye kunja.