Faili kuu liacheni: neno kwa mnaoanza kazi ya seva Kigoma

Wadogo zangu mnaokuja mafunzo kwa vitendo hapa Kigoma, siku ya kwanza mkifungua /etc/apache2, folda ya mipangilio ya Apache, programu inayotoa kurasa za wavuti, mtakimbilia apache2.conf, kwa kuwa ndilo faili kuu. Liacheni kama lilivyo.

Mimi nililijaza. Nilikuwa nasimamia seva ya ofisi moja pale Mwanga, na kila programu ya ziada niliyoiweka, mipangilio yake niliiandika humo humo: phpMyAdmin ya kusimamia hifadhidata, kurasa za maktaba, kila kitu. Jioni moja nikasasisha pakeji ya Apache. Mfumo ukauliza: niweke faili jipya la watengenezaji, au nibakize la kwako? Nikabonyeza Y, yaani weka jipya. Asubuhi watu wakakuta kurasa hazifunguki. Kumbe faili langu la zamani lilikuwa pale pale, limeongezewa tu mkia wa .dpkg-old. Sikulijua hilo, nikashinda siku nzima nikiandika upya kwa kukumbuka. Swali lile lina jibu jingine, D, linaloonyesha mafaili mawili yanatofautiana wapi. Lisomeni kwanza, ndipo muamue.

Siku hizi kila programu naipa faili lake dogo ndani ya folda ya conf-available. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, faili likikaa humo halifanyi kitu mpaka uliwashe. Ukiandika a2enconf maktaba, kiungo cha maktaba.conf, yaani njia ya mkato ya kulifikia faili hilo, kinawekwa ndani ya folda ya conf-enabled, na humo ndimo Apache inamosoma. Amri ya a2disconf huondoa kiungo tu, kazi yako inabaki. Jina lisipoishia na .conf, halisomwi. Moduli na tovuti zina folda zao za mtindo huo huo. Na juu ya kila faili wekeni mistari miwili ya #: nani kaandika, lini, kwa ajili ya nini. Atakayewapokea kazi hatakuwa na njia nyingine ya kujua.

Seva za ukoo wa Red Hat, aina nyingine ya Linux, zina /etc/httpd/conf.d, na kila chenye .conf humo kinasomwa, hakuna kuwasha wala kuzima. Msifute welcome.conf, faili la ukurasa wa kukaribisha, sasisho litalirudisha. Wekeni # mbele ya kila mstari, faili lenyewe libaki.

Mkimaliza, kagueni mipangilio kwa amri ya apachectl configtest. Bila kuona "Syntax OK", msiendelee. Kisha systemctl reload apache2 (kwa Red Hat ni httpd), siyo restart. Reload husoma mipangilio mipya bila kumkatisha anayehudumiwa. Restart inaizima seva kwanza, na kama kuna mabano yaliyosahauliwa, haiwaki tena. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewaona wanaoumia. Mtu ametoka Uvinza kwa basi kufuata karatasi moja, hela ya kulala mjini hana, halafu dirishani anaambiwa mtandao uko chini, aje kesho.